Jinsi ya Kuuza Mvua Isiyo Yako

Umeshaamua. Umefungua programu tano za hali ya hewa kwenye simu, zote zimebandika matangazo ya kubeti juu ya picha ya jua, na mojawapo imekutabiria theluji Morogoro. Ukajisemea: hata mimi naweza. Na kweli unaweza. Ni kazi ya wikendi mbili tu: unachora wingu, unachora jua, unaandika nyuzijoto kwa tarakimu kubwa, unapaka bluu. Kinachobaki ni jambo moja dogo, nalo ni kuipata hiyo hali ya hewa yenyewe. Mwongozo huu unahusu hilo jambo dogo.

Mwandishi wako ameifanya kazi hii Tanga kwa miaka kadhaa, akiwauzia wavuvi upepo na mawimbi kwenye simu. Kila ushauri utakaousoma hapa umeshalipiwa.

Tuanze na mwiko: usichunguze upepo unatoka wapi. Ukichunguza utagundua mambo ya kukunyima usingizi. Utagundua kwamba mara mbili kwa siku, saa tisa usiku na saa tisa mchana kwa saa zetu, vituo vya hali ya hewa duniani hurusha maputo yenye vipimo. Kwamba kuna setilaiti, maboya, meli na ndege zinazotuma vipimo vyao. Na kwamba vyote hivyo humiminwa kwenye kompyuta kubwa chache zinazoipigia hesabu dunia nzima. Hesabu ya Wamarekani inaitwa GFS. Ya Ulaya hupigwa na kituo cha ECMWF, chenye makao Reading, Uingereza, na mitambo Bologna, Italia. Sehemu kubwa ya gharama hizo ni kodi za wananchi. Kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini mwao, kwa hiyo GFS anaichukua yeyote, hata wewe uliyekaa Chumbageni na feni mbovu. Wenzao wa Ulaya waliuza data zao kwa bei ya kutisha kwa miaka mingi, wakaanza kulegeza kamba mwaka 2022, na Oktoba 2025 wakaifungua orodha yao ya utabiri kwa leseni inayodai utajwe tu ulikoitoa. Anayetaka aletewe mlangoni kwa huduma maalumu ndiye anayelipia nauli.

Kumbe mvua ni bure. Usikasirike. Ni bure kama ng'ombe mzima alivyo bure: uje na kamba yako, umkamate, umchinje, umchune, utafute pa kumtundika. Data hizo huja katika mafaili mazito yanayoitwa GRIB, dunia yote imekatwa vyumba vyumba, na kila chumba kina joto, mgandamizo, unyevu na upepo wa kila kimo, saa baada ya saa. Unahitaji seva, diski, bando lisiloisha na mtu wa kukesha. Wewe hutaki ng'ombe, unataka mshikaki. Mshikaki ndio API: unatuma latitudo na longitudo, unarudishiwa mistari michache, upepo kilomita 30 kwa saa kutoka kusini, mvua asilimia 40. Kuna mtu amemchukua ng'ombe wa bure, amemkata, amemchoma, amekutilia na pilipili. Hajaiba, kuchoma ni kazi. Ila mshikaki wake unakuja umefungwa kwenye karatasi ya masharti, na hapo ndipo hatua zetu zinapoanzia.

Hatua ya kwanza: chagua mlisho mtamu kuliko yote

Mlisho, yaani huyo anayekuchomea mshikaki, ukiwa mtamu utaujua kwa dalili. Tovuti yake ni nzuri, ufunguo unaupata kwa dakika moja, hakuna mkataba wa kusaini, na maombi ya kwanza ya kila siku ni bure. Wazee walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe chukulia kwamba walikuwa wanawasema wageni wengine.

Mfano wa kufundishia darasani ni Dark Sky. Ilianzia jimbo la New York, kwa mchango wa watu kwenye Kickstarter mwaka 2011, na uchawi wake ulikuwa mmoja: ilikwambia mvua itaanza baada ya dakika ngapi hapo hapo uliposimama. Wasanidi wadogo waliipenda zaidi kwa mlango wake wa nyuma, yaani API. Maombi 1,000 kwa siku bure, yakizidi, kila ombi sehemu moja ya elfu kumi ya dola. Programu ngapi zilijengwa juu ya mlango ule! Nyingine zilikuwa nzuri kuliko Dark Sky yenyewe.

Tarehe 31 Machi 2020 Apple wakatangaza kuinunua. Siku hiyo hiyo usajili mpya wa API ukafungwa. Watumiaji wa Android wakaaga Agosti mwaka huo. Wasanidi waliokwisha kuingia wakaambiwa wana hadi mwisho wa 2021. Baadaye ikawa hadi mwisho wa 2022. Mwishowe ikawa 31 Machi 2023, na safari hiyo ikawa kweli. Mwenye nyumba anayekuongezea muda namna hiyo ni muungwana, mshukuru. Ila soma barua vizuri: anakuongezea muda wa kuhama, hakuongezei muda wa kukaa.

Juni 2022 Apple wakaleta mlango mpya, WeatherKit. Ukiwa mwanachama wa mpango wao wa wasanidi, dola 99 kwa mwaka, unapewa maombi 500,000 kwa mwezi. Ukitaka milioni moja unaongeza dola 49.99 kila mwezi. Na sharti uonyeshe alama yao pamoja na kiungo cha vyanzo vyao vya data. Ni nyumba ile ile, umerudi kwa kupitia upenuni, na picha ya mwenye nyumba imetundikwa sebuleni kwako.

Hatua ya pili: usisome masharti

Yameandikwa kwa ajili ya watu wenye mawakili. Ukiyasoma unaweza kukuta kifungu kinachosema yanaweza kubadilika wakati wowote, kingine kinachokukataza kuzihifadhi data zaidi ya muda fulani, kingine kinachokataza kumpa mtu wa tatu, na ukaanza kujiuliza kama mteja wako si ndiye huyo mtu wa tatu. Maswali ya namna hiyo huchelewesha uzinduzi. Bonyeza "nakubali" uende ukale.

Hatua ya tatu

Hatua ya tatu iliyokuwa hapa, ikieleza namna ya kuyasoma masharti kwa dakika kumi na vifungu vitatu vya kutafuta kwanza, imehamishiwa kwenye kifurushi cha wasomaji wa daraja la juu. Tunathamini uvumilivu wako.

Hatua ya nne: uza mara moja, ahidi milele

Hapa ndipo pana utamu, tukae kidogo.

Mteja wetu hapendi kulipa kila mwezi. Ana kodi ya nyumba, ana ada, ana king'amuzi, ana LUKU. Kwa hiyo andika kwa herufi za dhahabu: LIPA MARA MOJA, TUMIA MILELE. Bei, shilingi 5,000. Nami niliandika hivyo, na wateja walikuja.

Sasa chukua karatasi. Mteja mmoja ameiweka wijeti kwenye uso wa simu yake, nayo inajisasisha kila dakika 15. Hayo ni maombi 96 kwa siku. Kwa mwezi ni 2,880, na mwenyewe hajaigusa simu, amelala. Kama mlisho wako unatoa maombi 1,000 ya bure kwa siku, umepata nafasi ya watu kumi. Kumi, yaani ukoo wako bila shemeji. Hata yale 500,000 ya WeatherKit, ambayo ukiyatazama kwenye karatasi unaona bahari, ukiyagawa kwa 2,880 yanatosha watu 173, na wa 174 anakuja na bili.

Rudi kwenye zile 5,000. Duka la programu limekata asilimia 15 yake, umebaki na 4,250, ambayo kwa dola ni moja na nusu hivi, ikitegemea umeamkia upande gani wa soko la fedha. Kwa bei ile ya zamani ya Dark Sky, ukishapita kiasi cha bure, mteja huyu anakula karibu senti 29 za dola kwa mwezi. Miezi mitano anakula alichokulipa. Kuanzia mwezi wa sita anakula cha kwako, kwa furaha, na anakupa nyota nne kwa sababu rangi ya bluu imekolea mno.

Mtu mwenye akili atauliza: kwa nini kila simu iulize kivyake? GFS huitoa dunia katika vyumba vya robo digrii, kwetu ni kama kilomita 28 kila upande. Tanga mjini na Kigombe zinaweza kuangukia vyumba viwili, pengine kimoja. Wavuvi mia tatu wako chini ya wingu moja, upepo mmoja. Ungeuliza mara moja, ukaliweka jibu kwenye seva yako, ukawagawia wote. Swali zuri sana. Lipeleke kwenye kile kifungu ulichokiruka katika hatua ya pili, ambacho katika leseni nyingi ndicho kinachozuia kuhifadhi na kugawa. Wingu ni moja, bili mia tatu. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona ujanja wa kibiashara uliokaa vizuri kuliko huo, na nausema bila wivu, au kwa wivu kidogo.

Kiasi cha siku, kwa taarifa yako, mara nyingi huanza upya pale siku mpya inapoanza Greenwich, nayo kwetu ni saa tisa usiku. Kwa hiyo kama kimekuishia mchana, wavuvi wa dagaa wanaotoka kwenye giza la mwezi wataondoka na utabiri wa adhuhuri. Waambie ni wa kihistoria.

Hatua ya tano: changia, kisha subiri shukrani

Wapo watakaokushauri ujiunge na jumuiya, uchangie vipimo, upendwe. Kwa hao ipo hadithi ya Weather Underground, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan na kuwa kampuni mwaka 1995. Watu walisimika vituo vidogo vya hali ya hewa uani kwao, wakanunua vifaa kwa fedha zao, wakatuma vipimo vyao bure, usiku na mchana. Wasanidi nao wakapewa funguo za bure za kuvitumia. Mwaka 2012 kampuni ikanunuliwa na The Weather Channel, kisha ikaangukia mikononi mwa IBM, na mwaka 2018 likatoka tangazo kwamba API ile ya bure inafikia kikomo. Wenye vituo wakabakiziwa funguo za shukrani. Msanidi asiye na uwanja wa kusimika chochote akaelekezwa idara ya mauzo.

OpenWeather nao, wauzaji wengine wa API, walipofunga toleo la 2.5 la huduma yao ya One Call mwaka 2024, walilibakiza lile fungu la maombi 1,000 ya bure kwa siku katika toleo la 3.0. Ila sasa unajisajili upya, na unatoa namba ya kadi kwanza. Kama kadi yako ni ile ya mtandaoni unayoijaza kwa simu siku ya kulipa na kuiacha tupu siku nyingine zote, utaelewa maana ya bure yenye wasiwasi.

Hatua ya sita: geuza kimya kuwa sifuri

Hii ni hatua ya kiufundi, na ni mimi niliyeigundua.

Mwaka mmoja, mwezi Juni, kusi limekolea, mlisho niliokuwa nautumia (jina lake nitalihifadhi, maana bado nina ufunguo wao) ulihamishia kipimo cha upepo kwenye kifurushi cha bei ya juu. Barua pepe ya kunijulisha ilitumwa, ikaingia kwenye taka, baina ya bahati nasibu na mkopo wa haraka. Maombi yangu hayakukataliwa. La, yalijibiwa kwa adabu zote: joto hili hapa, unyevu huu hapa, mahali pa upepo pameachwa patupu. Na mimi, usiku fulani wa miaka ya nyuma, nilikuwa nimeandika mstari mmoja unaosema kwamba pakiwa patupu andika 0, ili programu isianguke.

Programu haikuanguka. Kwa siku mbili pwani yote kuanzia Moa hadi Pangani haikuwa na upepo.

Siku ya pili simu ikaita. Ni mzee mmoja wa Kigombe, mteja wangu wa mwanzo kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshika simu hapa, inasema shwari. Halafu nautazama mvinje wangu, umeinama mpaka unataka kubusu mchanga. Niamini kipi?"

"Uamini mvinje, mzee."

"Mvinje huo sikuununua."

Nililirekebisha kosa usiku ule. Siku hizi pakiwa patupu programu inaandika "hatujui". Wateja wanaichukia kuliko ilipokuwa inadanganya.

Hatua ya saba: waogope wanaotaka hodi tu

Kuna Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei, wenye huduma ya Yr pamoja na shirika lao la utangazaji. API yao inatabiri dunia nzima, hailipiwi, na leseni yake inaruhusu hata biashara mradi utaje chanzo. Kaa nao mbali. Watu wasiodai fedha hudai adabu, na adabu ni ghali.

Kwanza wanataka upige hodi kwa jina: kila ombi lijitambulishe ni la programu gani na mwenyewe anapatikana wapi. Ukija na jina la jumla, lile linalowekwa na maktaba ya programu bila wewe kujua, unafungiwa mlango kwa namba 403. Pili, wanakataza kuuliza mahali kwa usahihi wa kijinga. Desimali nne zinatosha, nazo tayari ni kama mita kumi na moja; anayetaka desimali saba anaulizia mvua ya kikombe. Tatu, kila jibu lao linakuja na saa ya kuisha, na hawataki urudi kabla ya hapo. Nne, hawapendi simu zote zigonge mlango saa kamili kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele. Na kinyume cha wengine, wanakuhimiza ulihifadhi jibu na kuwagawia watu wako. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilitafuta mtego kwa wiki nzima.

Ukibanwa sana na ukarimu wa aina hiyo, fuata mfano wa Wajerumani, nenda mahakamani. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili data za idara yao ya hali ya hewa, DWD, zitolewe bure. Idara hiyo ilikuwa na programu yake, WarnWetter, nzuri, bila malipo na bila matangazo. Kampuni binafsi ya WetterOnline ikashtaki: serikali itatushindaje kwa bei ya sifuri? Kesi ikapanda hadi mahakama yao kuu ya madai, nayo tarehe 12 Machi 2020 ikaamua kwamba idara inaweza kugawa maonyo bure kwenye programu, lakini si utabiri wote wa kila siku. Ndiyo maana kwenye programu hiyo Mjerumani anaonywa bure kwamba radi inakuja, ila akitaka kujua kama kesho aanike nguo anaingia mfukoni. Mara moja tu, nao ni euro chache, basi hawalalamiki sana.

Nyumbani hapa, swali linaloulizwa na kila ndugu kwenye kila harusi ni: si uchukue ya TMA? Taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nazisoma kila siku, na onyo likitoka ni lao, tangu sheria ya 2019 iliyoifanya kuwa mamlaka; mimi hapo napitisha tu walichosema, neno kwa neno. Lakini taarifa ile imeandikwa isomwe na mtu. Programu haijui "maeneo machache ya ukanda wa pwani" ni wapi. Inataka namba ya Kigombe, saa kumi alfajiri, kesho.

Hatua ya mwisho: waandikie wateja

Siku itafika. Utafungua barua pepe na kukuta neno "tumeboresha". Katika biashara hii neno hilo lina maana moja. Bei imepanda, au mlango umefungwa, au vyote viwili pamoja na nembo mpya. Utapewa siku thelathini. Siku kumi za kwanza utakasirika, kumi za pili utatafuta mlisho mwingine na kugundua kwamba wao mawimbi wanayapima kwa futi na upepo kwa maili, na kumi za mwisho utaandika upya nusu ya programu huku mke wako akiuliza kama kazi hii inalipa.

Kisha, kwa kuwa umejifunza kutoka kwa mabingwa, nawe utaandika ujumbe wako. Usitaje mlisho. Mteja hajui kama kuna mlisho, anajua kuna wewe. Anza na "Ndugu mteja wetu mpendwa". Sema umeboresha huduma. Sema kwamba kuanzia mwezi ujao malipo yatakuwa 1,000 kwa mwezi, na kwamba waliolipa mara moja watapewa miezi mitatu ya shukrani. Soma tena. Ondoa neno "milele" kila linapojitokeza. Tuma usiku, watu wakiwa wamelala.

Mimi niliutuma saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi simu iliita kutoka Kigombe, nyuma yake nasikia kusi linavyopuliza.

"Mwanangu, mjukuu amenisomea ujumbe wako. Nina swali moja tu."

"Uliza, mzee."

"Milele imekwisha lini?"

"Tarehe 31, mzee."